Homweki za darasa la tatu mpaka saa nne usiku, hivi lengo lake hasa ni nini na nyie mnazimudu vipi?

MamaWatatu_Kimara:
Wadau habari za jioni. Naombeni mnisaidie hili maana limeshaanza kuleta maneno mpaka ndani ya nyumba.

Nina binti yuko darasa la tatu, inglishi midiam moja huku upande wetu wa Kimara. Gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri kwasababu yeye ni wa mwanzo kuchukuliwa, jioni na foleni ya Morogoro Road mnayoijua anashushwa saa kumi na mbili, siku nyingine giza limeshaingia. Akifika anaoga anakula, akifungua begi kuna dayari, na ndani ya dayari kuna orodha. Hesabu maswali 20, Kiingereza sentensi kumi za wakati uliopita, sayansi chora mmea utaje sehemu zake, Kiswahili imla, halafu chini kuna karatasi ya fotokopi ya Historia ya Tanzania na Maadili. Hiyo ni Jumatatu peke yake. Na mzazi usaini kila somo, usiposaini mtoto anasimamishwa mbele ya darasa.

Mimi nafika nyumbani saa moja na nusu, saa mbili. Juzi nimemkuta kalala mezani penseli iko mkononi, kwenye daftari kaandika 347 + 286 jibu hajaweka, na herufi za mwisho zimeteremka mpaka nje ya mstari. Dada wa kazi ndo alikuwa anamalizia kuchora lile ua na kuandika majina ya sehemu kutoka kwenye simu. Nikasaini. Sasa najiuliza nimesaini kazi ya nani?

Baba yao anasema mtoto akizoea uvivu sasa hivi hatakuja kushika tena, mama mkwe anasema mwacheni mjukuu wangu alale. Mimi niko katikati. Naomba kujua kwa walimu walioko humu, homweki lengo lake hasa ni nini, kuna kiwango cha kwa umri fulani au kila shule inajiamulia, na nikienda kuongea na mwalimu nianzeje bila kuonekana mzazi mkorofi.

---

mwl_hesabu_shy:
Pole sana dada yangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali mkoa wa Shinyanga, nafundisha hesabu la tatu na la nne, naomba nikujibu kwa urefu kidogo maana hili swali linanigusa.

Homweki ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza mtoto arudie alichokielewa darasani ili kishike, kwasababu leo saa tatu asubuhi anaweza kujifunza kutoa kwa kukopa na akaelewa vizuri kabisa, akilala bila kukigusa tena kesho nusu imeshaondoka. Ya pili mimi mwalimu nijue nani hajaelewa na kesho nianzie wapi. Angalia hizo zote, hakuna hata moja inayosema mzazi afundishe, wala dada wa kazi achore. Kwahiyo homweki ambayo mtoto hawezi kuifanya bila mtu mzima kukaa pembeni hiyo imekosewa kuanzia kwa aliyeitoa, ama kitu hakijafundishwa kikaeleweka, ama maagizo hayaeleweki, ama ni ndefu kuliko nguvu za mtoto.

Halafu hayo maswali 20 ya aina moja. Mtoto akisahau kukopa swali la kwanza atasahau yote 20, yaani atakuwa amefanya mazoezi ya kukosea mara 20 kabla mimi sijaona daftari lake, na kumtoa hapo ni kazi ngumu kuliko kumfundisha mara ya kwanza. Na yule anayejua, maswali matano yanatosha kunionyesha kwamba anajua. Hayo 15 ya ziada hayanipi taarifa yoyote mimi, na yeye hayamwongezei kitu zaidi ya kuchoka.

Sasa tuje kwenye kusahihisha, hapa ndo pagumu kwetu. Darasa langu lina watoto zaidi ya tisini. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 kufuatia ule Waraka namba 5 wa 2015 watoto walikuja wengi sana, ni jambo jema na mimi nalitetea popote, ila vyumba na walimu havikwenda kwa kasi ile ile. Chukulia daftari moja dakika mbili tu, madaftari 90 ni dakika 180, masaa matatu kamili kwa somo moja la mkondo mmoja. Bado kuna andalio la somo, bado kuna zamu, bado madaftari ya mazoezi ya darasani. Ndo maana mzazi akifungua daftari anakuta tiki moja ndefu ya kalamu nyekundu imekatiza ukurasa mzima, pembeni imeandikwa "nimeona". Hiyo haijasahihishwa. Na mtoto anajua kwamba haijasahihishwa, wiki ya pili tu ameshajua, na kuanzia hapo anaandika chochote ili mradi ukurasa ujae.

Mimi nafanya hivi. Natoa maswali manne, matatu ya tulichosoma leo na moja la wiki iliyopita ili wasisahau. Wanayaandika dakika tano kabla ya kengele mimi nikiwa bado nipo darasani, asiyeelewa agizo aulize pale pale. Kesho yake naandika majibu ubaoni wanabadilishana madaftari wanasahihishiana, kisha nauliza waliokosa namba tatu wanyooshe mikono, ikiwa ni nusu ya darasa najua kosa ni langu narudia somo. Halafu nachukua madaftari ya mstari mmoja tu wa madawati nayasahihisha mwenyewe kwa makini, naangalia njia na sio jibu tu, kesho mstari mwingine, mpaka Ijumaa nimezunguka darasa zima.

Kuna watoto wangu kwao hakuna umeme, taa ya sola ni moja na iko walipo wakubwa. Na nimeona kwa macho yangu mabinti ndo wanaoumia zaidi, kaka yake akitoka shule yuko huru, yeye anachota maji, anambeba mdogo wake, anaosha vyombo, daftari anafungua saa mbili usiku kwa mwanga wa moto wa jikoni. Hao nawaruhusu wabaki darasani nusu saa baada ya kipindi cha mwisho wamalize pale pale. Sichapi mtoto kwa homweki, na ninaomba wenzangu pia tuache, maana ukimchapa kwa kutokufanya kesho atanakili kwa jirani na wewe utakuwa umepoteza hata ile taarifa kidogo uliyokuwa unaipata.

---

BabaK_Tabata:
Mwalimu nakuheshimu sana ila nitatofautiana na wachangiaji wa humu ambao najua wanakuja kusema homweki ifutwe.

Watoto wangu wako shule ya serikali hapa Tabata na shida yangu ni kinyume kabisa cha huyu dada, wangu hawaletagi chochote. Mtoto anarudi saa nane mchana anatupa begi, mpira mpaka magharibi, akiingia ndani ni tamthilia mpaka analala. Ukimuuliza leo mmesoma nini anakwambia tumesoma. Tumesoma nini? Tumesoma tu. Mtoto wa jirani yangu amefika la saba kusoma aya moja ya Kiswahili anakokota neno moja moja, na wazazi wake ni watu wanaojali kabisa, wamejua siku matokeo yametoka. Miaka yote saba hakuna daftari lililofika nyumbani wakaliona.

Wale watu wa Uwezo walipoanza kupita majumbani 2010 kupima watoto, walikuta watoto wengi wa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya la pili. Hao watoto walikuwa wanaenda shule kila siku. Kwahiyo mimi homweki naitaka kwasababu mbili, nijue mtoto wangu yuko wapi, na ajizoeze kukaa chini peke yake na kazi mpaka iishe bila mtu kumsimamia. Hiyo ya pili hakuna somo darasani linalomfundisha, ukiwa watoto 90 mnaitikia kwa pamoja utajuaje kama wewe mwenyewe unaweza?

Nimeamua kujipangia mwenyewe. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinapatikana bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, nafungua kwenye simu, namchagulia ukurasa, saa moja jioni anakaa mezani dakika arobaini, namaliza kwa kumsikiliza akisoma kwa sauti. Anayetaka homweki iondoke aniambie hayo masaa kuanzia saa nane mchana mpaka usiku tunayajaza na nini kwa mtoto ambaye mama yake yuko gengeni na baba yuko barabarani.

---

bi_shangani:
Assalam alaykum. Mie niko Unguja na naona mmesahau jambo moja kubwa kwa sisi wa huku, chuoni, yaani madrasa.

Wanangu wanakwenda skuli mkondo wa asubuhi, wakirudi wanakula, wanapumzika kidogo, alasiri ishaingia wanakwenda madrasa na hawarudi mpaka magharibi. Na ustadhi naye anawapa kazi, leo uhifadhi aya hizi, kesho uandike kwenye ubao wako. Kwa hivyo mtoto mmoja ana walimu wa pande mbili, kila mmoja anajua kazi yake tu, na hapana hata mmoja anayemuuliza mwenziwe jana ulimpa nini. Akichelewa huku anaambiwa mvivu, akichelewa kule anaambiwa mvivu, na mtoto mwenyewe tokea alfajiri hajakaa.

Mimi nilikwenda kwa mwalimu wa darasa nikamueleza kwa utaratibu tu, siku za chuoni kazi ziwe ndogo, zile za kuandika sana azitoe Alhamisi kwani Alhamisi na Ijumaa chuo kinafungwa. Akakubali papo hapo, akaniambia bibi mbona hamkusema siku zote. Ustadhi nae nikamwambia wiki ya mitihani ya skuli awapunguzie hifdhi wadurusu walizonazo tu. Hakuna aliyenuna. Kwa hivyo we mama wa Kimara nenda, ukienda na pendekezo mkononi husikilizwa zaidi kuliko ukienda na lawama.

---

Jirani_wa_Githurai:
Hamjambo majirani. Hapa Kenya hii mambo imetuchosha tangu CBC, ule mtaala mpya wa umahiri, ianze nchi nzima Januari 2019 kwa watoto wa chini mpaka Gredi ya 3. Moja ya nguzo za huo mtaala ni mzazi ahusike kwa masomo ya mtoto, na kwa karatasi ni jambo zuri sana siwezi pinga. Sasa vile lilifika kwa nyumba zetu ndio shida.

Saa mbili usiku mtoto anakumbuka kesho kunatakikana picha za wanyama wa porini zimeprintiwa kwa rangi. Unajifunga leso unatoka kutafuta saiba ya kuprintia haijafungwa, unapata foleni ya wazazi wa shule moja wote wanataka simba na twiga. Wiki inayofuata ni sanamu la kutisha ndege shambani, na sisi tunakaa ghorofa ya nne, nyasi nitatoa wapi? Wiki nyingine tena mtoto apike, umpige picha utume kwa grupu la darasa, na kama simu yako haina bando mtoto wako anaonekana hakufanya. Mwenye pesa alikuwa anamlipa fundi atengeneze, kazi inaenda safi inametameta na mtoto anapewa alama ya juu kabisa, yule aliyejitengenezea kwa mikono yake na makaratasi ya gazeti anapewa ya chini. Hiyo iliniuma kuliko gharama yenyewe. Rais alipounda lile jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu mwaka 2022 wazazi wengi walienda kulia kuhusu gharama za huu mtaala.

Kwa darasa la kijana wangu tulikaa na mwalimu tukakubaliana vitu viwili. Hakuna kazi itahitaji kununua kitu, ikiwa haipo nyumbani mtoto atumie kile kipo. Na kazi ya mikono inatangazwa Ijumaa kabla ya saa sita, isikuje usiku. Mwalimu mwenyewe alifurahi kwasababu hata yeye alikuwa anatoa hizo kazi akifikiria ndio mtaala unadai, kumbe mtaala unataka mtoto afanye kitu, hausemi ifanyike wapi. Siku hizi nyingi wanafanyia shuleni mchana na mwalimu anaona nani anafanya nini.

---

taaluma_AR:
Mimi ni mwalimu wa taaluma shule binafsi Arusha, niseme jambo ambalo wazazi wengi hawalioni.

Kwa shule kama ya huyo binti wa Kimara mara nyingi hakuna mtu mmoja aliyekaa akaamua mtoto apewe masomo matano kwa usiku mmoja. Kila mwalimu wa somo anatoa ya kwake na kwake yeye ni kidogo tu. Walimu watano kila mmoja akitoa ya dakika 20, jumla ni dakika 100, saa moja na dakika arobaini, na hapo ni kwa mtoto mwepesi ambaye hajachoka. Sisi tulichofanya ni kubandika jedwali la wiki ukutani ofisi ya walimu, la kila darasa. Kabla hujatoa homweki unaandika somo na dakika unazokadiria, ukikuta siku imeshajaa unasubiri kesho. Kwa la tatu siku moja haizidi masomo mawili na jumla haizidi dakika 30. Wiki za kwanza walimu walilalamika kweli, wa sayansi anasema wa hesabu anawahi kujaza, tukagawa siku kabisa yakaisha.

Mama umeuliza kuhusu kiwango. Kuna msomi wa Marekani anaitwa Harris Cooper, wa Duke University, yeye na wenzake walikusanya tafiti nyingi za homweki wakatoa kazi kubwa mwaka 2006. Walichokuta ni kwamba kwa wanafunzi wa sekondari homweki na matokeo vinaendana kwa kiasi cha kuonekana, lakini kwa watoto wa msingi uhusiano ni mdogo sana. Kipimo kinachotajwa sana kule ni dakika kumi kuzidisha darasa, yaani la kwanza dakika 10, la tatu 30, la saba 70, masomo yote kwa pamoja na sio kila somo. Na kwa wanaosema Wachina wanafaulu kwasababu ya kukesha, kweli kwenye PISA ya 2012, ule mtihani wa kimataifa wa vijana wa miaka 15, vijana wa Shanghai walikuwa wanafanya homweki kama masaa 14 kwa wiki wakati wastani wa nchi za OECD, nyingi zikiwa ni nchi tajiri, ulikuwa kama masaa matano, ila serikali yao wenyewe Julai 2021 ikaagiza la kwanza na la pili wasipewe kazi za kuandika nyumbani kabisa, la tatu mpaka la sita zisizidi dakika 60, na sekondari ya chini zisizidi 90. Waliona watoto wanaumia na usingizi unakatwa.

Lakini kuna upande wa wazazi pia na hili naomba mlipokee. Tulipopunguza, simu zilianza. Mbona mwanangu hana kazi leo, ada tunalipa ya nini, shule fulani wanatoa mpaka kurasa sita. Ufaransa kazi za kuandika nyumbani kwa shule za msingi zilikatazwa tangu 1956 na mpaka leo walimu wengi wanatoa, na wazazi wakiwa mstari wa mbele kuzidai. Shule binafsi inaishi kwa ada, mwenye shule akisikia mzazi anataka kumhamisha mtoto kwa sababu homweki ni chache anamwita mwalimu mkuu na agizo linashuka. Likifika la nne ndo balaa zaidi kwasababu ya upimaji wa taifa wa NECTA, mtoto wa miaka tisa kumi anabebeshwa pastipepa kila jioni. Kwahiyo mama ukienda kuongea nenda na wazazi wenzako wawili watatu, sauti ya mzazi mmoja inazimwa na simu ya mzazi mwingine anayetaka ziongezwe.

Na hilo la kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake kwasababu mzazi hajasaini, liseme waziwazi ukifika. Mtoto wa la tatu hana uwezo wa kumfanya mama yake awahi kutoka kazini.

---

mdau_Minneapolis:
Salaam kutoka Marekani. Wanangu wako shule ya msingi ya umma huku, mdogo yuko gredi ya pili. Kazi yake ya jioni ni moja, kusoma kitabu chochote anachokipenda dakika 20 na mzazi aandike jina la kitabu kwenye karatasi. Basi. Hesabu zinafanyika shuleni. Nilishangaa mwanzoni nikaona kama anaachwa nyuma, nikaenda kumuuliza mwalimu, akaniambia soma nae hata cha Kiswahili inahesabika. Tukaanza na vitabu vya hadithi nilivyotumiwa kutoka Dar, sasa mtoto anasoma Kiswahili vizuri kuliko nilivyotegemea. BabaK ile yako ya kumsikiliza akisoma kwa sauti usiiache kabisa, hiyo ndo naona inalipa kuliko karatasi zote.

---

MamaWatatu_Kimara:
Jamani nawashukuru mno, nimesoma kila mmoja na nyingine nimemsomea baba yao kwa sauti.

Nimerudi kuwapa mrejesho. Nilienda na mama wawili wa darasa moja, tukaomba kuonana na mwalimu wa darasa na sio mkuu moja kwa moja. Nikamuuliza kwa upole swali nililolipata kwenye maelezo ya mwl wa Shinyanga, hizi kazi wewe zinakuambia nini kuhusu watoto? Akanyamaza kidogo, akasema ukweli mama nyingi zinarudi ziko sahihi zote kwa mwandiko mzuri na darasani mtoto huyo huyo hawezi. Kumbe naye anajua tunawafanyia. Tukakubaliana tujaribu hivi, mtoto akianza kazi niandike saa aliyoanza, zikifika dakika 40 anafunga daftari hata kama hajamaliza, pale alipoishia nachora mstari na naandika haya kafanya peke yake, haya kasaidiwa, haya hajafika. Nasaini hicho kilichofanyika kweli. Na hakuna kusimamishwa tena.

Kilichonishangaza ni kilichoonekana baada ya hapo. Hesabu anafanya mwenyewe vizuri tu tena haraka. Sayansi anaijua, nikimuuliza kwa Kiswahili mizizi inafanya kazi gani ananijibu bila kusita. Anachokwama ni agizo lenyewe la Kiingereza, haelewi ameambiwa achore, ataje au aeleze, kwahiyo anakaa analitazama swali mpaka usingizi unamchukua. Muda wote mimi nilidhani hajui sayansi. Mwalimu ameanza kuwasomea maagizo kabla hawajatoka na kuwauliza mmoja mmoja umeambiwa ufanye nini, na wale wawili wenzangu wanasema kwao ni hivyo hivyo.

Sasa kuna jingine. Likizo inakuja na mwaka jana tulipewa kabrasha la fotokopi kurasa sitini na kitu, tukalipia na hela ya karatasi. Hilo nalo mnalifanyaje?

---

BabaK_Tabata:
Dada hongera sana. Hapo kwenye dakika 40 na kuandika alichofanya mwenyewe nimekubali mia kwa mia, na mimi naanza leo kumwandikia mwalimu wa wangu hivyo hivyo kwenye daftari hata kama hajaomba, labda ataanza kujibu. Ila kufuta kabisa bado nakataa.

---

mwl_hesabu_shy:
Umefanya vizuri sana mama, na huyo mwalimu muungeni mkono maana kukiri vile mbele ya wazazi sio kazi ndogo.

Kabrasha la likizo. Muulizeni kitu kimoja kabla hamjalipia, hii kazi mtaisahihisha lini? Mkiambiwa wiki ya kwanza ya kufungua kila mwalimu wa somo ametengewa vipindi vya kuipitia na watoto, lipieni na mtoto afanye. Mkikosa jibu la maana basi chagueni wenyewe, hakuna haja ya kurasa sitini. Wiki ya kwanza asiguse daftari kabisa, alale mpaka achoke kulala, huyu mtoto ameamka kabla ya saa kumi na moja na nusu muhula mzima. Baada ya hapo ukurasa mmoja kwa siku, asubuhi baada ya chai wakati akili iko safi, sio usiku na sio kurasa arobaini siku tatu za mwisho kama wengi wanavyofanya. Kurasa atakazobakiza ziache zibaki.

Na hesabu zake mpe za nyumbani. Mpe elfu kumi aende dukani, arudi akuandikie bei ya unga, sukari na mafuta, ajumlishe, atoe, chenji aliyoshika mkononi ilingane na iliyoko kwenye karatasi. Isipolingana mwache atafute mwenyewe ilipopotea, usimwambie. Wiki ya pili mpe bajeti ya mboga za siku tatu apange yeye. Kwa Kiingereza, kwasababu umeshaona tatizo liko wapi, chukua maagizo ya kwenye hilo kabrasha bila maswali yake, kila siku matatu, akueleze kwa Kiswahili anaambiwa afanye nini. Huna haja ya kumfanyisha swali lenyewe. Likizo ikiisha nitumie ujumbe uniambie ameyafikia mangapi, nataka nijaribu hiyo kwa watoto wangu wa la nne wanaojiandaa, japo sisi Kiingereza ni somo tu.